Uso Uliobaki Askerdale

Bi Keziah Lunn alikuwa mtu wa maneno makavu. Alimkalisha Bibi Honora karibu na dirisha, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja kama anayekagua farasi mnadani, kisha akarudi mezani kwake. Hapo palikuwa na kipande cha pembe ya ndovu kilichosuguliwa kikawa chembamba hata mwanga ukapenya. Ukubwa wake haukuzidi yai la njiwa.

"Nikuchore unamtazama nani?" akauliza, huku akilowesha ncha ya brashi mdomoni.

"Kwani lazima nimtazame mtu?"

"Wengi wanaokuja hapa wanamtazama mchumba. Wengine wanamtazama mume. Hao nawatambua mara moja, maana macho yao yote yako mlangoni."

Honora akacheka. Tangu afike Bath, mji wa chemchemi za maji moto, alikuwa hajacheka. "Nichore namtazama mtoto," akasema.

"Anatambaa?"

"Anakimbia. Anafika hapa." Akaweka kiganja juu kidogo ya goti lake kuonyesha kimo, na kiganja kikabaki palepale hewani, hakina kichwa cha kukishika.

Bi Keziah hakuuliza zaidi. Habari alikuwa nazo. Mji mzima ulikuwa nazo. Alimwita paka wake, akamtupia ngozi ya samaki sakafuni, karibu na kiti cha Honora. "Basi mtazame huyu. Si mtoto, lakini naye hana shukrani."

Honora alikuwa binti wa kabaila. Alipotimiza miaka kumi na saba baba yake akamwoza kwa kabaila mwenzake, Mwinyi Everard wa Askerdale, mtu mwenye mashamba yasiyo na mwisho huko kaskazini kwenye vilima vya kondoo. Mwinyi Everard hakuwahi kumpiga. Alimsahihisha. Alimsahihisha namna ya kuketi, namna ya kupaka siagi kwenye mkate, namna ya kucheka mbele ya wageni, mpaka Honora akajikuta anafikiri mara mbili kabla ya kupiga chafya. Ndipo akaja Kapteni Ambrose Fell kuwinda ndege, mwanajeshi asiye na shamba wala nyumba, akaketi upande wa pili wa meza na kucheka kwa sauti jambo alilolisema Honora. Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha sana. Lakini alicheka.

Mwaka uliofuata Honora alitoka Askerdale mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, kumfuata Kapteni Fell, binti yake Lettice akiwa amelala. Alikuwa na hakika atatuma watu wamchukue mtoto akishapata mahali pa kukaa. Mtu anayeikimbilia furaha huamini kwamba alichokiacha nyuma kitamngoja. Sheria ya Uingereza haikumngoja. Mtoto ni wa baba, ikasema, na mama aliyetoroka hana haki hata ya kumwona dirishani. Mwinyi Everard akaamuru picha kubwa ya Honora iliyokuwa juu ya ngazi ishushwe na kuchomwa, na jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba.

Hapo ndipo wazo la picha ndogo lilipomjia. Picha ya kufichika kiganjani.

Ilipokamilika, Bi Keziah aliitia ndani ya kidani cha dhahabu chenye kioo mbele, na nyuma yake akaweka msokoto wa nywele za Honora. Honora aliitazama kwa muda. Pale alikuwa kijana, mashavu yana damu, midomo imefunguka kidogo kama anayetaka kutaja jina la mtu, na macho yameinama chini kwa upole ambao yeye mwenyewe hakujua kama anao.

"Ndivyo nilivyo?" akauliza.

"Ndivyo ulivyokuwa ulipomtazama paka," Bi Keziah akajibu.

Honora akakipeleka mwenyewe. Alijua kwamba yaya wa Lettice, Tabitha Grice, alikuwa na desturi ya kumpeleka mtoto soko la Skelby, karibu na Askerdale, siku ya mnada wa kondoo. Honora akasafiri kutoka Bath kwa magari ya farasi ya abiria akiwa amejifunika joho la kijivu la mtumishi, akafika Skelby mifupa ikimuuma, akasimama penye meza ya muuza keki za tangawizi. Tabitha akaja, mwanamke mnene mwenye mikono myekundu, Lettice amekaa kiunoni pake.

Tabitha alimtambua palepale. Akainama kama anayechagua keki. "Usinisogelee," akasema. "Yule mwenye farasi wa kijivu ni mtu wa mwinyi."

"Nimekuja kukupa kitu tu."

"Kama ni barua, kusoma sijui."

"Si barua." Honora akakisukuma kidani chini ya kitambaa cha meza.

Tabitha akakiteremsha kwa siri tumboni mwa kapu lake. Akakitazama kitambo. "Umetoka mzuri kuliko ulivyo."

"Asante, Tabitha."

"Sikusifu, bibi. Nasema mtoto atadanganyika."

"Mwonyeshe kila siku. Mwambie huyu ndiye mama yako."

"Nikikamatwa nitafukuzwa."

"Najua."

"Hujui! Nyinyi wakubwa mkifukuzwa mnakwenda Bath kuoga maji moto. Mimi nikifukuzwa nakwenda kwa kaka yangu kulala na nguruwe wake." Hata hivyo alikitumbukiza kidani kifuani, ndani kabisa. "Nakichukua kwa sababu mtoto anaita watu ovyo. Juzi kamwita mama mke wa mhunzi, na yule mwanamke ana ndevu."

Lettice alikuwa na makombo ya keki mdomoni. Alimnyoshea Honora kidole. "Nani huyu?"

"Mtu wa keki," Tabitha akasema upesi.

Honora akachukua keki mezani, akampa. Vidole vya mtoto vikagusa vyake, vinanata kwa sukari. Lettice akasema asante kama alivyofundishwa, akageuka kutazama kondoo. Basi. Tabitha akampandisha mtoto vizuri kiunoni, akaondoka naye katikati ya watu na wanyama, na Honora akabaki ameshika ukingo wa meza mpaka muuza keki akamuuliza kama anaumwa.

Bunge likavunja ndoa yake na mwinyi, mambo yake ya chumbani yakasomwa mbele ya wanaume wenye nywele za bandia, kisha akaolewa na Ambrose Fell. Tusidanganyane: alifurahi naye. Waliishi vyumba viwili juu ya duka la mshona kofia huko Bath. Ambrose alipiga filimbi vibaya, akachoma mikate, akamwita kwa majina ya kipuuzi. Wanawake waliokuwa wakila mezani kwa baba yake Honora walivuka barabara walipomwona, naye akajizoeza kuwaamkia hivyohivyo migongo yao. Lakini hata katikati ya kicheko kulikuwa na mahali ndani yake palipokuwa pakavu. Kulikuwa na mwalimu wa dansi mtaa wa pili, na dirisha lake lilikuwa chini. Honora alipita pale kuwatazama wasichana. Kwanza aliwatazama wale wadogo wanaojikwaa. Baadaye akawatazama waliowazidi kidogo, waliong'oka meno. Baadaye wale warefu wenye viwiko. Kila mwaka alichagua mmoja moyoni, akasema, Leo yuko hivi. Zilikuwapo siku alizosahau kabisa, akala, akalala vizuri. Na siku hizo, alipokuja kukumbuka, zilimuuma kuliko zote.

Ambrose alipelekwa na jeshi visiwa vya Karibi, homa ya manjano ikamzika huko. Baridi iliyofuata Honora akapata ndui. Watu walikimbia nyumba ile. Bi Keziah, aliyeugua ndui utotoni, alikuja na kapu la supu na paka wake, akakaa mpaka mgonjwa akainuka.

"Nipe kioo," Honora akasema siku moja.

"Ngoja upone."

"Nimeshapona."

Bi Keziah akampa. Uso ulikuwa umechimbika kama njia ya udongo baada ya mvua ya mawe; nyusi zimenyonyoka, jicho moja limevutwa chini na kovu. Honora alijitazama hata kioo kikaingia ukungu wa pumzi zake. Kisha akasema taratibu, "Ule mwingine bado upo Askerdale."

Hilo likawa ndilo tulizo lake. Akavaa utaji kila alipotoka nje, akafundisha Kifaransa binti za wafanyabiashara, na kila jioni alijifariji kwamba mahali fulani kaskazini uso wake mzima, usio na kovu, unatazamwa na mwanawe.

Na ulitazamwa kweli. Tabitha alikishona kidani ndani ya mto wa Lettice, akamfundisha kukitoa mlango ukishafungwa. Mtoto alikua mikononi mwa shangazi yake, Bibi Ursula, mwanamke aliyeamini kwamba kicheko huharibu mgongo. Lettice akajifunza kunyamaza mezani na kuongea na ile pembe ya ndovu. Alimwambia mama wa kwenye pembe habari za mbwa aliyekufa, za hesabu zilizomshinda, za damu ya kwanza. Alipofokewa alikimbilia kwake. Mama huyo hakuwahi kuchoka, hakuwahi kufoka, wala hakuzeeka.

Mwinyi Everard akaanguka kwa kiharusi akihesabu kondoo, akafa. Maziko yalipokwisha, Lettice, aliyekuwa sasa binti wa miaka kumi na tisa, alivaa kidani shingoni waziwazi mbele ya shangazi yake, akaamuru gari la farasi litengenezwe.

"Unakwenda wapi?" akauliza Bibi Ursula.

"Kwa mama."

"Huna mama."

"Ninaye, shangazi. Wewe ndiye usiyemjua."

Siku Lettice alipofika Bath, Honora alikuwa anasahihisha daftari za wanafunzi. Akasikia hodi, akafungua mlango bila utaji, akidhani ni mletaji maziwa. Mlangoni alisimama msichana mrefu aliyevaa nyeusi, na nyuma yake, akitweta kwa ngazi, Tabitha Grice, ambaye sasa alikuwa amekuwa bibi kizee.

Honora alimjua. Angemjua gizani. Kati ya wasichana wote aliowachagua dirishani, hakuna hata mmoja aliyefanana naye, na bado alimjua.

Msichana akamtazama kidogo, kisha akatazama juu ya bega lake, ndani ya chumba, kama anayemtafuta mtu. "Samahani," akasema. "Namtafuta Bibi Honora Fell."

"Ndiye mimi."

Mkono wa Lettice ukapanda kifuani, ukakifumbata kidani. Akautazama uso ule, akatazama chini kwenye kiganja chake, akautazama tena. Tabitha akafumba macho.

"Ilikuwa ndui," Honora akasema. "Karibuni. Karibuni ndani, tafadhali. Kuna chai."

Waliketi. Honora akamwaga chai kwenye sahani badala ya kikombe. Maneno aliyoyapanga miaka yote ile yalikuwa yamemtoroka. Akauliza habari za barabara. Akauliza kama bado kuna kunguru kwenye mnara wa Askerdale. Lettice alijibu ndiyo, hapana, ndiyo, kwa adabu ya Bibi Ursula, mgongo umenyooka.

Mwisho Lettice akaweka kikombe chini. "Kwa nini uliniacha?"

"Nilidhani nitakuchukua baada ya muda mfupi. Sikuijua sheria."

"Hiyo ndiyo sababu?"

Honora angeweza kuishia hapo. "Si yote," akasema. "Nilimpenda mtu. Nilitaka kuishi naye. Nilikutaka na wewe pia, nikadhani naweza kuwa na vyote."

"Yeye hakuwahi kuniambia hivyo," Lettice akasema.

"Nani?"

Msichana akashika kidani. Machozi yalikuwa yakimtoka sasa, na sauti ikapanda. "Huyu! Nimeongea naye maisha yangu yote. Naijua kila nywele yake. Nilikuja kumwona yeye, na nimekuta... Wewe sikujui. Sikujui kabisa, bibi." Akasimama, akatafuta mlango kama kipofu, akateremka ngazi.

Honora alibaki kitini. Kilichomchoma hakikuwa hasira ya mtoto. Kilikuwa wivu. Aliuonea wivu uso wake mwenyewe. Yule kijana wa kwenye pembe alikuwa amelaliwa shavuni, ameambiwa siri, ameloweshwa machozi, na hakuwa amefanya lolote zaidi ya kumtazama paka.

Tabitha hakuinuka. Alimalizia chai yake, kisha akamgeukia. "Nilikwambia atadanganyika."

"Ulinambia."

"Lakini si kosa lake. Wala si lako, hili la ndui. Sasa utakaa hapo ulie?"

"Nifanye nini, Tabitha? Hanitaki."

"Hakujui, kasema. Kutokujua siyo kutokutaka. Mimi mwenyewe aliponiona mara ya kwanza alining'ata." Akajiinua kwa shida, akiegemea meza. "Tumefikia nyumba ya wageni ya Dubu Mweupe. Tunaondoka asubuhi, na farasi wetu ni wepesi kuliko miguu yangu. Utajua mwenyewe."

Asubuhi Honora alivaa gauni lake la buluu. Akachukua utaji, akaushika, akaurudisha kwenye msumari. Kisha akapita katikati ya Bath, siku ya soko, uso wazi. Watoto walimkodolea macho. Wabeba viti vya kubebea matajiri wakanyamaza alipopita. Mwanamke mmoja aliyekuwa akicheza naye karata enzi za usichana akaweka kiganja mdomoni. Honora akamwamkia, na safari hii yule mwanamke, kwa kushtuka, akaitikia.

Gari la Askerdale lilikuwa uani, masanduku yamefungwa, Lettice amekwisha kuingia. Macho yake yalikuwa yamevimba. Honora akasimama penye mlango wa gari, ameshika chuma.

"Sikuombi uniite jina lolote," akasema. "Naomba kiti tu. Mpaka Chippenham. Nitarudi kwa gari la abiria."

Lettice alivuta pindo la gauni lake, pakapatikana nafasi.

Walitoka mjini. Tabitha alijifanya kulala, akakoroma kwa ufundi. Vilima vikapita, mashamba ya shayiri, wanawake wakianika nguo kwenye ua wa miiba. Barabara ilipoanza kushuka Lettice alikivua kidani, akakiweka juu ya goti.

"Alikuwa mtu gani?" akauliza.

Honora alielewa kwamba haulizwi habari zake mwenyewe, na kwa sababu hiyo akaweza kujibu. "Alikuwa mpuuzi kidogo. Alipenda kula siagi bila mkate. Aliogopa bata bukini. Alijua kupiga mluzi, baba yako akamkataza, basi akawa anapiga huko kwenye zizi la farasi. Ulipozaliwa hakutaka mtu mwingine akushike, wakakunyang'anya kwa nguvu ili alale."

"Alikuwa ananiimbia?"

"Alikuwa hajui kuimba. Alikupigia mluzi."

Lettice akakitazama kidani juu ya goti lake. "Nimemzoea sana," akasema. "Sasa nikimtazama naona kama amekufa."

"Hata mimi hunijia hamu naye," Honora akasema. "Sijamwona siku nyingi."

Hapo ndipo msichana alipomtazama, kwa mara ya kwanza bila kulinganisha: kovu lile linalovuta jicho, nyusi zisizokuwapo, mdomo. Chippenham ikaja, na mnara wa kanisa lake, na ua wa kubadilishia farasi. Mwendesha gari akainama dirishani kuuliza kama kuna anayeshuka.

"Endelea," Lettice akasema.

Bibi Ursula alihamia kwa binamu yake siku ileile Honora aliposhuka uani Askerdale, naye hakuna aliyemwomba abaki. Honora akapewa chumba cha upande wa mashariki. Mambo hayakunyooka kwa mara moja. Waligombana habari za madirisha, za mbwa kulala ndani, za mchumba, kijana mpole wa ukoo wa Thirkeld aliyekuwa na kigugumizi. Zilipita siku nzima wakisemezana kwa kupitia Tabitha, mpaka kizee akawaambia yeye si farasi wa posta. Lettice alimwita bibi. Siku ya harusi alimwita bibi, mbele ya watu, kwa heshima zote, naye Honora akatabasamu. Kidani kilirudi chini ya mto. Honora alijua, kwa kuwa asubuhi nyingine alipopita mlangoni alisikia binti yake akinong'ona na mtu, na mume alikuwa ameshatoka kwenda shambani. Alipita kwa ncha za vidole. Hakuna siku iliyopita asitamani kuwa yeye anayenong'onezwa.

Uchungu wa mtoto wa kwanza ulimshika Lettice wakati wa mavuno. Mkunga alitaka chumba kisijae watu, hivyo Honora akawekewa kiti nje, ukumbini juu ya ngazi, mahali ilipokuwa imetundikwa zamani picha yake iliyochomwa. Jua la mchana lilikuwa kali madirishani. Alisikia mkunga akihimiza, akasikia maji yakimwagwa, akasikia sauti ya mwanawe ikianza chini na kupanda mpaka ikapasuka.

"Mama!"

Honora alishika mikono ya kiti. Hakujua anaitwa nani, yeye au yule wa chini ya mto.

"Mama!"

Akasimama, akafungua mlango, akaingia.